Kubadilisha oili mwenyewe kwenye Toyota ya 1NZ: mahali watu wanapokosea

Mfano wetu ni injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500 iliyomo kwenye IST na Probox nyingi na baadhi ya Vitz. Ukibadilisha na filta inachukua lita 3.7, bila filta, lita 3.4. Shika namba hizo, maana oili inauzwa kwa galoni la lita 4 na wengi wanalimimina lote.

Uwe na oili 5W-30, filta, wosha mpya (ringi bapa ya kuzuia kuvuja, tundu la mm 12) ya bolti ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, spana ya boksi namba 14, beseni la lita 5, stendi mbili na matambara.

1. Pasha injini dakika tano tu. Oili ya baridi inatoka kwa uvivu na kuacha uchafu. Ya gari lililotoka safari inababua mkono. Egesha pakavu na tambarare, vuta handbreki, weka kigingi nyuma ya tairi za nyuma, nyanyua mbele, kisha laza gari kwenye stendi. Usiingie chini kwa kutegemea jeki peke yake.

2. Hakikisha ni bolti ya injini. Kwenye gari la otomatiki, sampu ya injini na ya gia zimekaa jirani. Ya injini ina kichwa cha spana 14. Ya gia kwa kawaida inataka alen, ile spana ya pembe sita inayoingia ndani ya bolti. Ikitoka oili yenye wekundu, hiyo ni ya gia: funga hapo hapo na usiwashe gari. Asiyegundua anaongeza nyingine juu ya ile ya zamani: injini inabeba lita saba na ushee, gia inabaki kavu.

Legeza kifuniko cha juu cha kumiminia oili ili hewa ipite, toa bolti, acha ichuruzike dakika kumi. Habari ya "kuosha injini" kwa dizeli achana nayo. Dizeli haitoki yote, na inayobaki inaipunguza uzito oili mpya.

3. Filta. Hapa ndipo injini zinapofia. Ukishaifungua ya zamani, igeuze utazame mdomo wake: mpira wake upo? Kama haupo, umeganda kwenye injini. Pitisha kidole kwenye kikalio, ubandue, futa pakauke. Filta mpya ikikaa juu ya mpira wa zamani, mipira miwili haishikani. Presha ikipanda mmoja unachomoka na oili yote inamwagika barabarani ndani ya dakika chache.

Paka mpira mpya oili kwa kidole, zungusha filta kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Basi. Mnyororo au spana ya filta ni ya kufungulia.

4. Rudisha bolti na wosha mpya. Anza kwa vidole, mizunguko mitatu minne. Ikigoma, itoe uanze upya, usiilazimishe kwa spana. Kipimo cha kukaza ni takriban Nm (newton-mita) 37, yaani mkono mmoja kwenye spana fupi, bila bomba la kuongezea urefu. Nyuzi za sampu zikiliwa, leo hutoki na gari.

5. Mimina. Shusha gari kwanza, kwa sababu likiwa limeinama dipstiki (kijiti cha kupimia oili) inadanganya. Weka lita 3.4, funga kifuniko, washa bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Ikizima, acha iungurume dakika moja huku ukichungulia filta na bolti, zima, subiri dakika tano, pima. Ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu, usiipite. Ikizidi sana, krenki, shafti inayozunguka ndani ya injini, inaipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halilainishi beringi.

Usiku laza kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi kikiwa na doa, tazama limeangukia chini ya filta au chini ya bolti kabla ya kukaza chochote.