Jinsi ya kuomba usajili wa dawa yenye tafiti mbili au zaidi za bayoikwivalensi

Mfamasia anayeandaa dosia (jalada la maombi ya usajili) ya dawa ya jeneriki (nakala ya dawa iliyokwisha kusajiliwa) akiwa Mbeya, Iringa au Njombe aanze kwa kukusanya ripoti za tafiti zote za bayoikwivalensi, yaani zinazopima kama dawa hiyo inafika kwenye damu sawa na dawa linganishi (ile inayoigwa), zilizofaulu na zilizofeli. Zote zinaingia kwenye dosia. Uchambuzi unaounganisha data za tafiti hizo ni nyongeza tu. Mwongozo wa Shirika la Dawa la Ulaya (EMA) wa 2010 uko wazi: tafiti zilizofeli haziunganishwi ili zipate kufaulu, kama hakuna hata moja iliyofaulu peke yake.

Kisha hakiki kama zinaunganika. Fomula ya dawa inayojaribiwa iwe ile ile, dozi ile ile, na hali ya kula au kufunga ifanane. Kama kiwanda kilibadili fomula baada ya utafiti wa kwanza, usiunganishe. Eleza mabadiliko hayo na uwasilishe ripoti zote. Andika pia namba ya toleo (bechi) la dawa linganishi kwa kila utafiti, kwani tofauti ya matoleo huweza kuwa ndiyo chanzo cha matokeo kupishana.

Kwenye jedwali la data, kosa la kawaida ni namba za washiriki. Mshiriki 07 wa utafiti wa kwanza na 07 wa pili ni watu wawili, lakini programu ikiona namba moja itawafanya mtu mmoja na hesabu yote itaharibika. Waandike 1-07 na 2-07.

Geuza AUC (jumla ya dawa iliyofika kwenye damu) na Cmax (kiwango chake cha juu kabisa kwenye damu) kuwa logi asilia, halafu fanya ANOVA (uchambuzi wa mtawanyiko) yenye vipengele hivi: utafiti, mfuatano (mpangilio wa dawa ipi inaanza), mfuatano ndani ya utafiti, mshiriki ndani ya mfuatano na utafiti, awamu (kipindi cha kupewa dawa moja) ndani ya utafiti, na dawa. Wengi husahau kufunga awamu ndani ya utafiti wake, ilhali awamu ya kwanza ya mwaka huu haina uhusiano na awamu ya kwanza ya mwaka jana.

Mfano wa kukokotoa: tafiti mbili za kubadilishana dawa (kila mshiriki hupewa dawa zote mbili kwa zamu), kila moja ikiwa na uwiano wa Cmax (dawa inayojaribiwa kwa linganishi) wa 92% na mtawanyiko ndani ya mshiriki (CV) wa 30%. Wa kwanza, washiriki 24, unatoa masafa ya uhakika ya 90% (ambamo uwiano halisi unatarajiwa kuwa) ya 79.54–106.41. Umefeli, kwa sababu mipaka ni 80.00–125.00 na 79.99 haipandishwi kuwa 80. Wa pili, washiriki 36, unatoa 81.84–103.42, umefaulu. Ukiunganisha wote 60 unapata 84.11–100.63. Hapa hoja ina nguvu: uwiano haukubadilika, utafiti wa kwanza ulikuwa na washiriki wachache mno. Lakini kama uwiano ungekuwa 85% kwanza na 99% baadaye, usijifiche nyuma ya wastani. Tafuta sababu na uiandike.

Kuongeza washiriki baada ya kuona matokeo ni jambo jingine kabisa. Hilo huruhusiwa tu pale protokali ilipopanga hatua mbili tangu mwanzo na kubana kiwango cha kosa, kwa mfano kwa kutumia masafa ya uhakika ya 94.12% badala ya 90% katika kila hatua. Bila mpango huo, nafasi ya kupitisha dawa isiyolingana huongezeka, na mgonjwa ndiye atakayeumia.

Kupanga dosia kwa namba za vipengele vya CTD (muundo wa pamoja wa kimataifa wa dosia): ripoti ya kila utafiti ikae 5.3.1.2, uchambuzi wa pamoja 5.3.5.3, na muhtasari wenye jedwali la tafiti zote 2.7.1. Ambatisha data za kila mshiriki katika faili linalosomeka na kompyuta, pamoja na msimbo wa programu, ili mtathmini aweze kurudia hesabu. Picha ya jedwali iliyoskaniwa humlazimu kukuuliza upya.

Maombi huingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania) na kulipiwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukikwama, ofisi ya TMDA Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Nenda na maswali yako yakiwa yameandikwa, na namba za vipengele vya dosia pembeni ya kila swali.