Kabla Hujavuka kwenda Kalangala

Kalangala ni wilaya ya visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria, Uganda. Kivuko kwanza. MV Kalangala kwa kawaida huondoka Nakiwogo, pale Entebbe, saa nane mchana, mara moja tu kwa siku, na safari yenyewe ni ya saa tatu na ushee. Ulizia asubuhi kama kinatembea. Mnaotokea Masaka piteni Bukakata. Kivuko cha huko ni cha bure. Ukiachwa, lala Entebbe. Usirukie boti iliyojaa pomoni. Novemba 2018 moja ilizama upande wa Mukono ikiwa imepakia kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 30.

Beba pesa taslimu, tochi, chandarua na sweta.

Ukitaka kufika kisiwa cha Bubembe, kwenye makao ya Mukasa, lubaale (mungu wa jadi wa Waganda) wa ziwa ambaye hata Makabaka, wafalme wa Buganda, wa zamani walimpelekea zawadi, tafuta mwenyeji akupeleke. Vua viatu. Simu ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe. Wapo wanaokwenda pale kuomba mtoto, hawakuja kutazamwa.

Sasa kichocho, na hapa nisikilizeni vizuri. Mpwa wangu alioga ziwani penye matete, maji ya magotini. Usiku miguu ikamwasha, akajipaka mafuta, mwasho ukaisha. Baada ya wiki kadhaa ikaja homa, kikohozi, tumbo likamsokota. Kliniki ikampa dawa ya malaria. Homa ikarudi, akapewa ileile tena. Alikonda mpaka suruali ikawa inamvuka. Ni muuguzi mmoja wa makamo aliyemuuliza, "Mwanangu, uliingia ziwani?" Choo kikapimwa, mayai ya minyoo yakaonekana, akapewa praziquantel, dawa ya kichocho. Miezi yote ile aliteseka kwa swali ambalo hakuna aliyemuuliza!

Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi isiyo hata na mchubuko, ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kaa mbali na matete. Oga maji yaliyochemshwa, au yaliyokaa kwenye pipa siku mbili. Ukishaingia ziwani, kapime wiki ya sita hadi ya nane hata kama huumwi, na ukiugua mwambie daktari ulikotoka kabla hajaandika dawa yoyote.

Maji ya kunywa chemsha. Watoto wasiachwe ufukweni peke yao. Usiku usizurure usikokujua. Na wavuvi wakisema leo hapavukiki, usibishane nao.