Jinsi ya kukokotoa entropia ya shimo jeusi, na inakotoka

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Tabora na yeyote mwenye kikokotoo cha sayansi.

Hatua ya 1. Elewa entropia kwanza. Nikikwambia tu kwamba kete zote 64 zimo kwenye mashimo 32 ya bao, bado hujui zimegawanyikaje. Mipangilio inayowezekana ni namba yenye tarakimu zaidi ya 20. Chukua logi asilia ya namba hiyo, zidisha kwa k, namba isiyobadilika ya Boltzmann: hiyo ndiyo entropia.

Hatua ya 2. Chukua shimo jeusi (kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hautoki) lenye tungamo la Jua, M = kilo 2 × 10³⁰. Nusukipenyo chake r, yaani 2GM/c² (G ni namba ya mvutano ya Newton, c ni kasi ya mwanga), ni kama kilomita 3.

Hatua ya 3. Eneo la uso, 4πr²: mita za mraba 1.1 × 10⁸.

Hatua ya 4. Gawanya eneo hilo kwa 4Għ/c³ (hapa ħ ni h/2π, na h ni namba ya Planck), yaani takriban mita za mraba 1.04 × 10⁻⁶⁹. Unapata karibu 10⁷⁷, kwa kizio cha k. Jua lenyewe lina takriban 10⁵⁸ tu! Mwanafizikia Bekenstein ndiye aliyependekeza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba entropia hii hufuata eneo. Mwenzake Hawking akaonyesha mwaka 1974 kwamba shimo jeusi hutoa mnururisho wa joto, na ile 4 ya kwenye kigawanyo ikathibitika.

Hatua ya 5. Hapa nakuomba usiharakishe. Kwa nini eneo, wakati entropia ya gesi hufuata ujazo? Jibu linalonivutia zaidi ni la kwantamu, fizikia ya vitu vidogo kabisa. Hata kwenye ombwe tupu, sehemu zilizo jirani zimefungamana, yaani hali ya moja haiwezi kuelezwa kikamilifu bila ya nyingine. Ukiweka mpaka usioweza kuona ng'ambo yake, kama uso wa shimo jeusi, mafungamano yanayovuka mpaka huo yanakupotea, na mengi yako palepale kwenye uso. Bombelli, Koul, Lee na Sorkin walikokotoa hivyo mwaka 1986, Srednicki akafanya hivyo mwaka 1993, na eneo likajitokeza. Ila jibu hukua bila kikomo usipoweka umbali mdogo kabisa, kwa hiyo ile 4 haitoki humo. Strominger na Vafa waliipata mwaka 1996 kwa nadharia ya nyuzi (inayochukulia chembe kuwa nyuzi ndogo mno zinazotetema), wakihesabu mipangilio yenyewe, lakini kwa mashimo meusi ya aina maalumu yenye chaji.

Hatua ya 6. Jaribu shimo jeusi lililo katikati ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, lenye tungamo kama mara milioni 4 ya Jua. Nusukipenyo hukua mara milioni 4, eneo mara 1.6 × 10¹³. Ukipata takriban 1.7 × 10⁹⁰, uko sawa.