SOMO: Una bango la maonyesho la mchoraji Picasso au Chagall? Anza na wino, saini baadaye

Habari wakuu, nimeona niandike hili maana wengi wakishika bango la zamani na kutaka kujua kama ni halisi au kopi, macho yanakimbilia saini, kumbe saini ndo ya mwisho kuangalia.

Kwanza ujue litografia, yaani njia ya kuchapa picha kwa jiwe, inavyofanyika. Alois Senefelder aliigundua Bavaria miaka ya 1790, unachora kwenye jiwe la chokaa kwa chaki yenye mafuta, unalilowesha, halafu wino unashika pale palipochorwa tu kwa sababu mafuta na maji hayapatani. Kila rangi ina jiwe lake au bamba lake la zinki. Picasso aliingia karakana ya uchapaji ya Mourlot, Paris, mwaka 1945, na yule njiwa wake wa 1949 aliyewekwa kwenye bango la Kongamano la Amani alichapwa hapohapo.

Hatua ya 1: Litoe kwenye fremu. Mikono iwe misafi na mikavu, ulaze mezani. Ukiangalia kupitia kioo utajidanganya bure.

Hatua ya 2: Chukua lenzi inayokuza mara 10, angalia sehemu yenye rangi hafifu. Hapa usiharakishe jamani, hapa ndo penyewe. Ukiona vidoti vimejipanga kwa mistari, vya bluu, waridi, njano na vyeusi vimezungukana kama viua vidogo, hiyo ni ofseti, yaani picha ilipigwa picha kisha ikachapwa kwa mashine. Litografia ya kuchorwa kwa mkono haina mpangilio huo, utaona chembechembe za chaki zimekaa ovyo, nyingine nene nyingine nyembamba, na penye rangi nzito wino umejaa wote.

Hatua ya 3: Angalia rangi mbili zinapokutana. Mara nyingi moja imeipanda nyenzake kidogo ikazaa rangi ya tatu, mimi napapenda sana hapo.

Hatua ya 4: Pima kwa rula, linganisha na vipimo vya katalogi, yaani orodha ya kazi za msanii huyo. Kopi nyingi zimepunguzwa.

MASWALI

Swali: Mkuu langu lina saini ya Picasso kabisa, ni ya mkono?
Jibu: Inawezekana ilichorwa kwenye jiwe ikachapwa pamoja na picha. Liinamishe kwenye mwanga, penseli inang'aa kidogo, wino wa kuchapa haung'ai hivyo. Na kukosa saini ya penseli hakulifanyi feki, mabango yalichapwa yabandikwe ukutani, mengi hayakusainiwa.

Swali: Chini imeandikwa Mourlot, si inatosha?
Jibu: Hapana dada, anayepiga picha bango zima anabeba na maandishi hayo. Rudi hatua ya 2.

Swali: Nilikata kingo liingie kwenye fremu, nimeharibu?
Jibu: Pole kaka, thamani imeshuka ndiyo, wanaokusanya wanataka kingo kamili. Usikate tena, usigundishe kwa selotepu, liweke mbali na jua, na kadi ya nyuma iwe isiyo na asidi.