Kutumia kadi ya Medicaid kupata mkalimani, usafiri na msaada wa nyumba

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili Marekani zina Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kupitia kampuni ya bima iliyoandikwa kwenye kadi, lakini huitumia kwa daktari na dawa tu. Kampuni hiyohiyo ina wajibu, na katika baadhi ya majimbo ina fungu la fedha, kwa mambo yanayomrudisha mtu hospitalini: chumba chenye ukungu, jiko lisilo na chakula, kukosa gari la kwenda kliniki. Ila haitakuja kukubishia hodi. Shida isiyoingia kwenye faili lako haitashughulikiwa.

Anza na maswali ya mwanzo. Kampuni inatakiwa ijaribu kukuhoji ndani ya siku 90 tangu uandikishwe, kwa simu au kwa fomu ya barua. Wengi hukata simu wakidhani ni matapeli. Wengine wakiulizwa kuhusu chakula au kodi ya nyumba hujibu "hakuna shida" kwa kuona haya, na faili linafungwa hapo. Ukiwa na wasiwasi na simu, kata, kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi na uombe meneja wa kesi, yaani mtu wa kampuni anayefuatilia mahitaji yako. Shida hiyohiyo mweleze na daktari. Daktari ana misimbo ya Z55 hadi Z65 ya kuandika hali ya maisha: Z59.0 ni kukosa makazi, Z59.41 ni kutokuwa na uhakika wa chakula. Msimbo peke yake haulipi kitu, lakini unampa meneja wa kesi jambo la kushika anapopeleka ombi.

Mkalimani ni bure, kwenye simu ya bima na kwa daktari pia. Mashine ikianza kusoma namba za kubonyeza, subiri mtu apokee, useme "Swahili interpreter, please", halafu usikate hata kimya kikiwa kirefu. Kama umezoea Kiswahili cha Kongo, sema "Congolese Swahili". Mkalimani wa Nairobi na mama wa Uvira wanaweza kupishana kwenye maneno ya dawa na viungo vya mwili. Usimtumie mtoto kukutafsiria. Kanuni za shirikisho haziruhusu kliniki kumtegemea mtoto isipokuwa kwenye dharura, tena mtoto huficha habari mbaya.

Usafiri ndio huduma inayopatikana kila jimbo, kwa sababu Medicaid lazima ihakikishe mwanachama asiye na njia anafika kwenye matibabu. Mara nyingi huendeshwa na wakala mwenye namba yake ya simu. Piga mapema, siku 2 au 3 za kazi kabla ya miadi ndiyo kawaida ya sehemu nyingi, na wikendi haihesabiwi. Kabla ya kupiga, weka mbele yako namba ya uanachama, anwani yako pamoja na namba ya apatimenti, jina, anwani na simu ya kliniki, na saa ya miadi. Taja kila atakayepanda: mama anayempeleka mtoto mmoja mara nyingi hukataliwa kupanda na wawili wengine ambao hawakuandikwa. Uliza kiti cha mtoto ni jukumu la nani. Omba namba ya safari uiandike.

Safari ya kurudi ndiyo inayowaacha watu kwenye ukumbi wa kliniki hadi jioni. Kama haukupangwa muda wa kurudi, ni wewe unayepaswa kupiga simu ukimaliza, dereva hajui. Gari likichelewa piga namba ya safari zilizochelewa, maana nauli ya teksi uliyochukua bila idhini kwa kawaida hairudishwi. Na kama una jamaa mwenye gari, uliza kama jimbo lako hulipa gharama ya maili. Idhini hutangulia safari, na fomu hutiwa saini kliniki.

Chakula na nyumba hutegemea jimbo. California inaruhusu kampuni za Medicaid kutoa milo maalumu kwa wenye magonjwa kama kisukari, kusaidia amana ya nyumba kwa aliyekosa makazi, na kurekebisha nyumba ya mwenye pumu hadi dola 7,500: kuondoa ukungu, kuweka vichujio vya hewa. Ombi la pumu linaweza kukwama kwa kukosa ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba, hivyo itafute kwanza. North Carolina ilianza mradi mkubwa wa aina hii mwaka 2022, ukasimama Julai 2025 kwa kukosa fedha. Kwa hiyo usitegemee maelezo ya jirani wa mwaka juzi. Ambako bima haina fungu, meneja wa kesi bado anaweza kukuunganisha na WIC (mpango wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo) au benki ya chakula. Ukipiga simu namba 211, wanafanya hivyohivyo.

Ukikataliwa, dai barua. Kutoka tarehe ya barua una siku 60 za kukata rufaa ndani ya kampuni, nayo hutakiwa kujibu ndani ya siku 30, au saa 72 kama kusubiri kunahatarisha afya. Ikikataa tena, una siku 90 hadi 120, kutegemea jimbo, za kuomba kusikilizwa na jimbo. Kama wanakata huduma uliyokuwa ukiipata, omba iendelee ndani ya siku 10, lakini ujue ukishindwa unaweza kudaiwa gharama.

Ukihama, badilisha anwani mara mbili, kwa kampuni na kwa ofisi ya Medicaid ya jimbo. Watu hupoteza bima kwa barua ya kuhuisha iliyokwenda nyumba ya zamani. Wakimbizi wana tarehe nyingine ya kuangalia: kwa sheria ya Julai 2025, kuanzia 1 Oktoba 2026 hadhi ya ukimbizi pekee haitatosha kwa Medicaid ya shirikisho. Aliyetimiza mwaka mmoja nchini aombe ukaaji wa kudumu (green card) sasa, na nakala ya risiti ya maombi aiweke pamoja na kadi ya bima.