Kuchapa Bila Kuumiza Mikono na Shingo

Kabla ya kufikiria kununua kibodi mpya, anza na urefu wa meza. Kaa, shusha mabega, kunja viwiko vikiwa karibu na mbavu kwa pembe ya takribani digrii 90. Pale viganja vinapofikia ndipo kibodi inapotakiwa kukaa. Katika steshenari na ofisi nyingi meza huwa juu kuliko hapo, na kiti ni kile cha plastiki kisichopanda wala kushuka, hivyo mchapaji hushinda ameinua mabega bila kujitambua, na jioni analalamikia shingo. Kiti kipandishwe, ikibidi kwa mto mgumu, na miguu isiyofika sakafuni iwekewe boksi imara.

Kisha geuza kibodi. Vimiguu viwili vya nyuma, ambavyo karibu kila mtu huvisimamisha kwa mazoea tu, vikunjwe. Vikisimama, kifundo cha mkono hulazimika kupinda kuelekea juu, na ndani ya kifundo hicho mna njia nyembamba inayopitisha kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva moja. Kifundo kinapopinda, msukumo humo ndani huongezeka na neva ikabanwa. Ndiyo maana ganzi yake hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, ikakiacha kidole cha mwisho, na mara nyingi humwamsha mtu usiku akiukung'uta mkono. Wakati wa kuchapa, kifundo kinyooke na kisiegemee ukingo wa meza. Kile kimto cha kuwekea viganja ni cha kupumzikia, si cha kuchapia.

Kipanya kikae jirani na kibodi. Asiyeingiza tarakimu nyingi atafaidika na kibodi isiyo na safu za namba upande wa kulia, kwa kuwa ndizo zinazokisukuma kipanya mbali na kulifanya bega lichoke.

Kompyuta mpakato ni tatizo la peke yake: skrini na kibodi zimeunganishwa, kwa hiyo ukiipandisha unaumiza mabega, ukiishusha unaumiza shingo. Anayeitumia kutwa aiinue kwa rimu mbili au tatu za karatasi hadi ukingo wa juu wa skrini ukaribie usawa wa macho, kisha achomeke kibodi ya pembeni, hata ya bei nafuu.

Hata mkao mzuri ukidumu saa nyingi huchosha, basi inuka kila baada ya nusu saa hivi, japo kwa dakika moja. Ganzi isiyoisha, au kidole gumba kinachoanza kukosa nguvu hata vitu vikaponyoka mkononi, visisubiri dawa ya kuchua. Nenda hospitali mapema na umweleze daktari kazi unayofanya na saa unazochapa kwa siku.