Unga wa kufinyanga kwa mtoto wa miaka miwili: ninavyousonga jikoni kwangu

Mwanangu ana miaka miwili na miezi minne, na kazi anayoipenda kuliko zote ni ile ninayoifanya mimi. Nikifua, anataka beseni. Nikipepeta mchele, mkono wake umo ndani ya ungo. Kabla ya kumpata nilifanya kazi miaka sita katika kituo cha kulelea watoto mchana hapa Dar es Salaam, na huko nilizoea michezo yenye ratiba: viti vidogo, meza ndogo, saa nne kamili rangi. Nyumbani utaratibu ule haukufua dafu. Natandika mkeka, napanga vitu, namwita mwenyewe. Anakaa dakika tatu, kisha huyo ananifuata jikoni. Nikachoka kumrudisha. Nikaupeleka mchezo kulekule jikoni, na mchezo wenyewe ukawa mapishi: unga wa kufinyanga, unaosongwa kwenye sufuria kama ugali.

Mahitaji ni ya kila siku. Kipimo changu ni kikombe cha robo lita:

- unga wa ngano, kikombe 1
- chumvi ya mezani, nusu kikombe
- maji, kikombe 1
- mafuta ya kupikia, kijiko 1 kikubwa
- maji ya ndimu, kijiko 1 kikubwa
- kitu cha kutia rangi, nitakieleza

Mara ya kwanza nilipoutengeneza, mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga. Alitazama kikombe cha unga kikimwagwa kwenye sufuria pamoja na chumvi yote ile, akasema, "Mwanangu, hizo si chapati mbili?" Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo natumia unga ulioingia wadudu, ule unaobaki chini ya ndoo na ambao hata hivyo nisingeupika. Ukichekechwa unafaa kabisa. Ikiwa kwenu unga hauharibiki kwa sababu hauishi siku tatu, punguza kila kipimo kwa nusu. Mikono midogo haihitaji donge kubwa.

Hatua ya 1: Chagua saa

Kwangu ni saa kumi jioni, ameshaamka usingizi wa mchana, ameshakula kidogo, na mimi sijaanza kupika chakula cha usiku. Mtoto mwenye njaa atakula huo unga, mwenye usingizi atautupa. Usitegemee saa nzima. Siku njema mwanangu anakaa dakika ishirini, siku nyingine sita.

Hatua ya 2: Achekeche na kupima yeye

Hapa ndipo penye utamu wote, na ndipo watu wazima wengi wanaporuka kwa kuogopa uchafu. Tandika gunia lililofuliwa au khanga iliyochakaa sakafuni, weka sinia pana, mpe chekecheo. Mshikie upande mmoja, yeye atikise upande wa pili. Unga utamfika hadi kwenye nyusi. Mwache.

Baada ya hapo achote. Kijiko kidogo hakimfai mtoto wa umri huu, mkono wake bado haujui kukishika sawasawa unga usimwagike. Kikombe chenye mpini ni bora. Mimi humwekea unga kwenye bakuli moja na chumvi kwenye jingine, kila kimoja tayari kimepimwa, ili akimwaga vyote sufuriani nisijikute nimepoteza hesabu. Hesabu tunaifanya kwa mdomo: moja, mbili, tano, kumi. Sijamsahihisha.

Chumvi ndiyo inayoutunza unga huu usiote ukungu, na ndiyo pia ya kuogopwa. Zaidi ya robo ya uzito wa donge utakalopata ni chumvi. Watoto wengi wakionja mara moja wanatema na hawarudii, lakini yupo anayemeza, na chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari kwa mwili mdogo. Kama wako bado anapeleka kila kitu mdomoni, ahirisha. Mpe donge la ugali uliopoa, lisilo na chumvi, afinyange hilo. Akilila, amekula ugali.

Hatua ya 3: Rangi

Rangi za dukani zipo, ila mimi napenda za sokoni kwa sababu mtoto anazijua zilikotoka. Rangi inaingia kwenye maji kabla ya maji kuingia kwenye unga.

Ya njano: kijiko 1 cha chai cha binzari manjano katika kikombe cha maji. Hii haijawahi kuniangusha.

Ya waridi: chemsha konzi moja ya rozela kavu, ile wengine wanayoiita choya, katika kikombe kimoja na nusu cha maji, chuja, upate kikombe kimoja. Hapa ndimu ni lazima. Rozela ikikutana na kitu kichachu inakuwa nyekundu. Bila ndimu, donge linaelekea kwenye zambarau iliyofifia, kama shuka la bweni. Unga mweupe utaipunguza makali, kwa hiyo usitarajie nyekundu ya soksi za mpira.

Ya kahawia: kahawa iliyokolea. Harufu yake inamvuta hata baba yake aje kufinyanga.

Ya kijani imenishinda. Nilitwanga mchicha, nikakamua, maji yakawa ya kijani kibichi kabisa ya kupendeza, nikatia ndimu, nikabandika motoni, nikaopoa donge la rangi ya kaki. Kijani cha majani hakipatani na moto wala uchachu. Unaweza kuacha ndimu, lakini hata hivyo kitafifia.

Hatua ya 4: Kusonga ni kazi ya mkubwa

Mtoto aondoke jikoni, au ashikwe na mtu. Jiko la mkaa liko sakafuni, usawa wa magoti yake, na sufuria ya unga huu inakaa na moto ndani kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Koroga unga, chumvi, mafuta, ndimu na maji ya rangi sufuriani kabla ya kubandika, mpaka mabonge yaishe. Kisha moto mdogo. Kwa dakika moja mbili utaona uji tu na utadhani umekosea vipimo. Endelea na mwiko. Ghafla utaanza kushika chini, uwe mzito, ujikusanye kuzunguka mwiko, uache kuta za sufuria. Ni ugali, mkono wako unajua. Kinachotokea ni kwamba wanga wa ngano umekunywa maji na kuvimba kwa joto, na ndiyo maana unga uliosongwa haunati vidoleni kama ule uliokandwa kwa maji baridi. Epua pale unapobonyeza kwa mgongo wa mwiko na huoni tena unyevunyevu unaong'aa. Ukiuepua mapema utanata, ukichelewa utapasukapasuka. Unaonata unarudishwa motoni. Uliopasuka, uongeze mafuta matone machache ukiukanda.

Hatua ya 5: Kukanda

Umwage kwenye kibao cha chapati, ufunike kwa kitambaa kibichi usubiri. Uso wa donge hupoa kwanza na kukudanganya. Lipasue katikati uguse ndani kwa kiwiko kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Likiwa la uvuguvugu tu, mwite. Joto lile ndilo wanalolipenda. Mwanangu huliweka shavuni kwanza kabla ya kufanya jambo lolote.

Mwonyeshe mara moja kusukuma kwa kitako cha kiganja, kukunja, kusukuma tena. Atapiga makofi juu yake badala ya kukanda, na hiyo nayo ni kazi: vidole vinavyominya leo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho kutwa.

Hatua ya 6: Mpe vitu, kisha nyamaza

Vitu vya kupigia chapa viko nyumbani: kifuu cha nazi kilichosuguliwa, chanuo la meno mapana, kikombe cha plastiki cha kukatia duara, ile fimbo ya kusukumia chapati, jani la mwembe. Jani ni zuri kupita vyote. Ulibonyeze kwa mgongo wake, pale mishipa inapotokeza, kisha ulibandue taratibu. Mshipa mmoja mmoja unabaki.

Vitu vya kuacha: maharage, shanga, visoda, vifuniko vya chupa za maji, mbegu za ubuyu. Kituoni tulikuwa na kipimo chepesi. Chukua bomba la karatasi linalobaki katikati ya karatasi ya chooni. Chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto chini ya miaka mitatu. Visoda vina pia kingo za kukata.

Halafu keti pembeni na bonge lako mwenyewe, uliminyeminye bila kutengeneza kitu cha maana. Kosa nililolirudia miaka yote ya kituoni ni kufinyanga tembo mzuri ili watoto "wapate wazo". Tembo akishakuwepo, watoto wanaacha mabonge yao wanadai tembo, na jioni nzima unafinyanga tembo. Usimwulize pia, "Hiki nini?" Mara nyingi si kitu bado. Mwanangu alikuwa akipanga vijibonge kimoja kimoja ukingoni mwa kibao, kimya kabisa, nikamwuliza, akanitazama, akavikusanya vyote akaondoka.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha hili bila kusema. Siku ya pili ya wasiwasi wake kuhusu unga, alikuja akakaa mkekani, akachukua kipande, akaanza kufinyanga ng'ombe mwenye nundu, kama walivyofinyanga utotoni kwa udongo wa kichuguu. Hakumwita mjukuu wake, wala hakumwambia tazama. Alipomaliza akamkunja ng'ombe akawa tena bonge, akaanza upya. Mtoto alisogea mwenyewe mpaka goti lake likagusa la bibi yake. Alikaa dakika thelathini na tano siku hiyo, na sijawahi kuzipata tena.

Hatua ya 7: Ikiwa bado ana hamu, karatasi inayogeuka

Hii niliipata kwa ajali. Maji ya binzari yalimrukia baba yake kwenye kanzu nyeupe. Nikakimbilia sabuni ya mche, nikasugua, na doa la njano likageuka jekundu kama damu. Nilipiga kelele jirani akaja. Kumbe ndivyo binzari ilivyo: ikikutana na sabuni kali au magadi inakuwa nyekundu, ikikutana na ndimu inarudi njano. Kanzu niliisuuza, nikaianika juani siku mbili, doa likafifia lenyewe, maana rangi ya binzari haistahimili jua.

Sasa tunaufanya kuwa mchezo. Paka karatasi nyeupe maji ya binzari yaliyokolea, iache ikauke. Sugua kipande cha sabuni ya mche kwenye maji kidogo mpaka yawe mazito. Mpe kipande cha sponji akichovye na kugonga karatasi: kila anapogonga panatokea wekundu. Kisha kamulia ndimu kwenye kikombe kingine umpe sponji ya pili. Wekundu unapotea. Kaa naye karibu, kwa sababu vyote viwili, sabuni na ndimu, vikiingia machoni mchezo umekwisha kwa kilio. Na mvue nguo kabla, si baada.

Hatua ya 8: Kuosha na kutunza

Usimwoshe yeye kwanza. Mpe kitambaa kibichi afute kibao, atafuta palepale mara hamsini, wakati wewe unakunja gunia na kulikung'uta nje. Vilivyonata kwenye sufuria viloweke kwa maji baridi. Maji ya moto yanavigandisha.

Donge likishapoa kabisa liingie kwenye kopo lenye mfuniko, au mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Ukilifungia likiwa na joto, mvuke utalilowesha na ukungu utaanza mapema. Kwangu linadumu wiki tatu hivi wakati wa kiangazi. Wakati wa masika, hewa ya pwani ikiwa imejaa maji, chumvi inauvuta unyevu na donge linatoa jasho. Likande tena na unga mkavu kijiko kimoja. Likibadilika harufu au likiota madoa, litupe.

Na pa kulitupa pafikirie. Si kwenye bustani, chumvi itaua mchicha. Usilimwage uani pia ikiwa majirani wana kuku: kuku hawavumilii chumvi nyingi, na hawajui kutema. Mimi hulifunga kwenye mfuko na kuliweka kwenye pipa lenye mfuniko, kisha naanza kuweka unga wa chini ya ndoo pembeni kwa ajili ya donge lijalo.